Kumi Niliyoisahau

Kiseke, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba. Dada Adelina akusomee taratibu. Mwili wangu ni mzima, Mama, lakini kwenye simu nimekuwa nikikudanganya.

Huwa unaniuliza nafanya nini hasa maabara. Kiwandani tunaosha meza za minofu ya samaki kwa maji yenye kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Mimi ndiye napima ukali wake. Naweka kostiki kwenye chupa, nadondoshea dawa ya rangi, inakuwa ya waridi. Kisha nafungulia asidi ambayo naujua ukali wake, tone kwa tone, hadi waridi ipotee. Hapo zimemalizana, na kiasi cha asidi kilichotumika kinanionyesha ukali wa kostiki. Hiyo ndiyo titresheni.

Siku moja kostiki ya tangini ilikuwa nzito, nikazimua kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Nikapima mara tatu. Mililita ishirini na tano za kostiki zilimalizwa na ishirini na tano za asidi, wastani. Ukali wa asidi ulikuwa sifuri nukta moja, basi na kostiki ya chupani vilevile. Ya tangini nilipaswa kuzidisha kwa kumi, iwe moja kamili. Meneja alikuwa ananiita, mzigo unasubiriwa uwanja wa ndege. Nikaandika sifuri nukta moja, nikatoka.

Mlangoni nikakutana na Nkwimba, dada wa Kisesa anayeosha meza.

"Mdogo wangu, leo ni kali?"

"Leo nyepesi tu, dada."

Akaacha miwani ya kujikinga kwenye ndoano. Mpira wa maji yenye kostiki ulichomoka, yakamrukia usoni. Mama, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Tulimmwagia maji mpaka gari likaja.

Nilirudi kwenye daftari, nikaiona kumi haipo. Meneja naye akaiona.

"Andika kwamba hakuvaa miwani," akasema. "Hilo si uongo."

Kweli halikuwa uongo. Nililiandika, Mama. Siku tatu nilikaa nalo. Ya nne nikaandika maelezo mengine, nikaeleza hesabu yote, nikasaini. Nimesimamishwa kazi. Lakini sasa kiwanda hakiwezi kusema kosa ni la Nkwimba.

Kisha nikaenda hospitali. Jicho la Nkwimba la kushoto limekufa, la kulia linaona kivuli. Nikamweleza yote.

"Nilikuuliza," akasema. "Sikukisia, nilikuuliza wewe."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia niende, mumewe anakuja, na asingependa anikute pale. Kesho yake nilirudi na uji. Muuguzi akaupokea mlangoni, akasema mgonjwa hataki kuniona.

Wiki ijayo nitapanda meli kuja huko. Majirani wakiuliza, usiwaambie ni likizo.

Nisalimie Dada Adelina na wanawe, mjomba Revocatus anayetuangalizia migomba, na shangazi wa Kamachumu. Nkwimba mtajeni mnaposali jioni. Mimi sijaweza kulitamka jina lake.

Ni mimi mwanao,
Deusdedit