Bunduki Uliyonichagulia, Kaka

Kaka yangu Mbwana,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki. Barua hii naiandika wazi na nitaibandika kwenye kioo cha saluni ya Mama Beya hapa Albert Park, ninakofanya kazi, maana simu zangu hupokei, na watu wetu wote wa Durban hupita hapa kusuka nywele na kusengenya. Wataisoma, watakupigia huko Tanga, habari utaipata. Wakwe zako nao wakiisoma, vizuri zaidi. Nilidhalilishwa kwa ajili yao, basi na wajue.

Juzi nilizungumza na mama kwenye simu, akaniambia jambo ambalo limeniondolea usingizi. Nitalifikia. Kwanza nataka tukumbushane, maana wewe ni hodari wa kusahau.

Unakikumbuka kile kipande cha kanga? Kilikuwa chekundu, kimechanwa pindoni. Kila tukikaa kula mama alinifunga nacho mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kwa sababu nilikuwa nachota wali kwa mkono wa chooni na majirani wameona. Mkono wa kulia haukujua kazi. Wali ulinimwagikia mapajani, nikalia, mama akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nawe, kaka, ulikuwa na miaka kumi tu. Mama akigeuka kwenda jikoni, ulinijia nyuma ukalifungua fundo kwa meno. "Kula haraka, nakulindia." Halafu ulilifunga tena kabla hajarudi. Siku aliyokukamata ulichapwa wewe, na kesho yake ukalifungua vilevile. Mie nilikua nikiamini kwamba hata dunia nzima ikinifunga mkono, yupo mtu mmoja atakayekuja nyuma yangu na meno yake.

Ndiyo maana uliponiita Durban nilikuja bila kuuliza mara mbili. Ulikuwa fundi kwenye gereji ya yule bosi wako Mhindi, naye ndiye aliyekuingiza kwenye klabu ya kulenga shabaha. Jumamosi ya kwanza uliponipeleka kule nyuma ya vilima nilicheka. Watu wazima wamelala kifudifudi kwenye majani kama watoto wanaovizia panzi, na ubao wanaoupiga uko mita mia nane mbele, mdogo kama punje ya mchele. Ukanilaza kando yako, ukaniwekea vifunika masikio juu ya mtandio, vikawa vinateleza, ukavibana kwa kibanio cha nywele. Ukanifundisha kuutazama mvuke unaopanda ardhini na kujua upepo unakoelekea. Ulinivumilia sana siku zile, siwezi kukunyima hilo.

Bunduki yako ilinishinda, unajua kwa nini. Jicho langu linaloona ni la kushoto, na mkono wangu ni huohuo. Baba Mkhize, yule mzee aliyestaafu kazi ya magereza, aliniangalia nikihangaika akasema, "Eish, sisi," ndivyo watu wa hapa wanavyomwita dada, "hebu jaribu hii yangu." Yake ilitengenezewa watu wa mkono wa kushoto. Komeo, ule mkono wa chuma unaouvuta kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, lilikuwa upande wangu. Nikalala, nikapumua, nikafyatua. Kule mbali ubao ulishushwa, ukapandishwa, na alama nyeupe iko katikati kabisa. Wewe ndiye uliyepiga kelele kuliko wote. Ulinibeba juujuu mbele ya watu na buibui langu, nikaona haya mpaka leo.

Hapo ndipo ulipoahidi. Ulisema tutanunua bunduki moja ya nyumbani, itaandikwa kwa jina lako kwa kuwa mie karatasi za ukaazi sina, lakini itachaguliwa kwa mwili wangu. Jamani, tulivyoifurahia kazi ile! Ulinipima mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni ili tujue kitako kiwe na urefu gani. Tulibishana juu ya mtutu. Wewe ulitaka mzito sana, kwa kuwa mtutu mzito hautetemeki na haupati moto upesi. Mie nikakuuliza nani ataubeba kutoka kwenye gari, ukacheka, ukasema utaubeba wewe. Tukakubaliana juu ya risasi ndefu na nyembamba, ambayo upepo hauisukumi ovyo. Na ukanipa kanuni moja ambayo nimeishika kama dua. "Bunduki haichaguliwi kwa macho, Mwanaidi. Funga macho, ipachike begani, ndipo ufumbue. Ukikuta duara la darubini limejaa bila kuhangaisha shingo, hiyo ni yako. Ukilazimika kuitafuta, irudishe."

Hayo ni maneno yako, wallahi.

Tulipoingia dukani pale West Street, mwenye duka alitushushia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkono wa kulia, mpya, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya mkono wa kushoto, imetumika, kitako kina mikwaruzo. Mwenyewe alisema ya namna hiyo haiji dukani kila siku. Nikafumba macho, nikaipachika. Nikafumbua. Duara lilikuwa limejaa, safi, kana kwamba mtu alinipima usingizini. Nilikugeukia nikicheka na machozi yananilenga. Wewe hukucheka. Ulikuwa unatazama mlangoni.

Ukanishika kiwiko, ukaniambia kwa Kiswahili ili yule mzungu asielewe, "Wakwe zangu watarajiwa wanakuja kuangalia mashindano ya klabu. Unataka wakuone umelala chini unashughulika na mkono wa chooni? Watasema mama yetu alitulea vipi?"

Nilidhani unatania. Nikakuambia, "Kaka, si wewe huyo huyo?" Ulimgeukia mwenye duka ukaweka kidole kwenye ile inayong'aa, ukamwambia kwa Kiingereza, na unacheka, "Tunachukua hii. Atazoea tu. Hata kula alizoea."

Hata kula alizoea! Yule mzungu akacheka asichokijua. Kaka, nimetukanwa Durban hii. Nimesukumwa kwenye taxi, nimeitwa majina na watu wasionijua, na mteja wa kwetu amewahi kukataa chenji yake saluni mpaka niibadilishe mkono. Hakuna lililoniingia kama maneno yale matatu. Kipande cha kanga mama alinifunga kwa kutojua. Wewe ulijua. Wewe ndiye shahidi pekee wa nilivyozoea kula, na ushahidi wenyewe ukaenda kuumwaga kaunta kwa mtu baki ili apate kucheka.

Na ulinilazimisha bega la kulia. Nilikuomba angalau nilalie kushoto na bunduki hiyohiyo, nivushe mkono juu kulivuta komeo, hata kama ganda la moto litanipita puani. Ulikataa. "Mbele ya wakwe, bega la kulia." Wiki zote zile nilifanya mazoezi kama mtu anayeandika kwa mguu. Jicho la kushoto nililifumba kwa nguvu mpaka ukope ukawa unacheza wenyewe hata nikisuka nywele. Mama Beya akaniuliza nina nini, nikamweleza. Aliweka chanuo chini, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mwanaidi, mukono yako haina mambo. Kaka yako njo iko na kilema."

Siku ya mashindano wakwe zako walikaa kwenye viti vya kukunja, mama mkwe na mwavuli wake, baba mkwe na tasbihi. Watatu bora wa klabu walikuwa waende Bloemfontein kwenye mashindano ya nchi nzima. Mie nilikuwa wa tatu, kaka, wa tatu na bega lisilo langu! Ilibaki risasi moja. Mbao zilikuwa zimepangwa kwa mstari, kila moja na namba yake chini. Nikavuta pumzi. Ukope ukacheza, jicho la kushoto likafumbuka lenyewe, likashika ubao lilioupenda, nami nikafyatua. Ubao wangu ulipanda mweupe, hauna tundu. Wa jirani ulipanda na alama mbili, moja yake, moja yangu, na yangu iko katikati. Nilipiga shabaha safi kuliko zote za siku ile, kwenye ubao wa mtu mwingine. Nikapewa sifuri.

Hilo ningelimeza. Michezo ina kushindwa. Lakini baba mkwe alikuuliza, "Vipi tena?", na wewe, uliyekuwa unajua kila kitu, ulimwambia, "Ndiyo maana, mzee, mambo haya si ya wanawake." Mkacheka wote. Nilikuwa bado nimelala chini, nyasi ziko mdomoni. Tulipokuwa tunarudi ukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani pale Cato Manor, ukaniangalia kwenye kioo, ukasema ningekaza jicho. Tangu siku ile hatujazungumza kama ndugu. Tumesalimiana tu.

Harusi yako nilipika pilau. Nilipika kwa kushoto, sufuria zima, na wakwe zako wakaomba nyongeza. Hilo hukulijua, lijue leo. Kisha ukahamia Tanga na mkeo, bunduki ukairudisha dukani bila hata kunitumia salamu. Sikuililia, haikuwa yangu hata siku moja.

Wazee walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mie wangu nimeubusu. Jumamosi bado naenda kule nyuma ya vilima, Baba Mkhize ananiazima yake. Kitako ni kirefu kwangu, shingo inauma, lakini bega ni la kushoto na hakuna anayeangalia mlangoni. Karatasi zangu za ukaazi zimetoka. Wenzangu wanasema nisubiri, eti mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitazimika na leseni zitapotea. Sisubiri. Nitaingia dukani peke yangu, nitafumba macho, na nitatumia kanuni yako, kwa sababu kanuni ilikuwa nzuri. Mwenye kanuni ndiye aliyeharibika.

Sasa lile la mama. Ameniambia binti yako Zuhura amefikisha miaka miwili, na kijiko anakishika kwa kushoto. Ameniambia wakwe wakija huko kuwatembelea, mkikaa mezani unamfunga. Nikamuuliza unamfunga na nini, akaanza kulia. Kwa kipande cha kanga, kaka. Mama mwenyewe, aliyenifunga mie, amekuambia, "Mbwana, mie nilifanya ujinga, wewe unaurithi wa nini?" Ukamjibu atazoea.

Tena atazoea!

Nilitaka kuiandika barua hii niombe uniombe radhi. Nimebadili nia, radhi yako ikae hukohuko. Bloemfontein nimeisamehe, kicheko cha dukani sijui, labda nitazeeka nacho. Lakini huyo mtoto hana kaka wa kumjia nyuma. Hana mtu mwingine humo ndani anayelijua lile fundo, linavyokaza likilowa machozi na linavyoachia ukiliuma kwa pembeni. Unalijua wewe. Meno unayo bado.

Lifungue. Na safari hii usilifunge tena mtu akirudi kutoka jikoni.

Salamu zimebaki chache, mpe Zuhura zote. Wewe nakunyooshea mkono wa kuagana, na ni uleule. Ukiona ni mchafu, usiupokee.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanaidi