Taratibu Ameondoka Chiwata

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikikuamkia hivyo kila asubuhi nikipita zizini, na aliyekuwa akinigeukia ni Taratibu, punda wako. Leo zizi ni tupu. Nimemuuza, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaletewa umbea na wanaokuja huko.

Unakumbuka uliponipandisha mgongoni mwake mara ya kwanza? Wenzangu walinicheka, mtoto wa kike kapanda punda. Nikavuta kamba huku na huku kama naendesha baiskeli, naye akagoma katikati ya njia. Ukaniambia, "Legeza mkono, mwanangu. Njia anaijua kuliko wewe." Nikalegeza, akaenda. Baada ya hapo nilifuatana nawe kila Jumapili jioni, wewe katekista na kitabu chako cha sala mfukoni, tukipokezana mgongo wake kwenda kuwaombea wagonjwa.

Ulipofariki, ukoo ulinikabidhi Taratibu, mimi mtoto wa dada yako, kama ilivyo desturi yetu. Nikajigamba mbele ya watu wote kwamba nitamtunza mpaka azeeke. Mjomba, nilikuwa sijui ninachokisema. Siku zako pumba tulizoa bure mashineni, tena mwenye mashine akashukuru kufagiliwa. Sasa wafuga kuku wa Masasi wanazigombania, na kila nikienda bei imepanda. Sindano ya ugonjwa wa ndorobo nayo bei haishikiki. Waliokuwa wakimkodi kubeba korosho siku hizi wanaita bodaboda. Kiangazi hiki nyasi zilipokauka nikaanza kumpimia chakula kwa bakuli, na mbavu zake zikaanza kuonekana. Nilimwonea aibu, nikakuonea aibu na wewe.

Aliyemchukua ni Mama Anjela wa Makote. Ana shamba kubwa la mahindi, pumba hazimsumbui, shida yake ni kuchota maji mbali. Nilimsindikiza asubuhi hadi mwisho wa kijiji, na huko njiani ndiko nilikoumbuka. Tulipofika nyumba ya kwanza, kwa fundi cherehani, Taratibu alisimama akakataa katakata kwenda. Mama Anjela akainua fimbo. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kupita mlango wa mtu bila kushuka kusalimia. Nikapiga hodi, fundi akatoka, tukajuliana hali, na punda akaondoka bila kuambiwa. Nyumba ya pili vilevile. Kijiji kizima, Mjomba. Kila aliyetoka alimpapasa shingo akakutaja wewe.

Mama Anjela akasema mnyama huyu ana adabu kuliko wanawe. Nikamwomba, "Akisimama usimpige, mama. Anasubiri umsalimie mwenye nyumba." Akanijibu kwamba kwao nyumba ni nyingi, maji yatachelewa kufika, lakini amenisikia.

Nimekukumbuka mno, Mjomba. Naukumbuka na ule mgongo wenye joto, na wewe ukitembea kando yangu umeshika kamba bila kuivuta. Nilirudi peke yangu kwa haraka, nikitaka nifike nyumbani nilie. Lakini nilipofika kwa fundi cherehani nikajikuta nimesimama. Akatoka, akaniuliza nimesahau nini.

Nikamwambia sijasahau kitu, nimekuja kusalimia tu.

Pumzika kwa amani, Mjomba.

Mpwa wako, uliyemfundisha kulegeza mkono