Mondo wa Kaburini

Jumatatu, 6 Oktoba
Maji ya asubuhi tayari. Mondo zimekunywa, mimi bado chai. Jua la Michenga mwezi huu halina adabu. Majaruba ya mpunga yamekauka, yamebaki rangi ya gunia. Kaburi la mume wangu, Baba Beda, peke yake ni kijani.
Mondo ni majani yake. Membamba kama ya mpunga, kijani kizito, kiangazi hayafi. Alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wakubwa wa shamba la miwa, huko ndiko alikoyatoa pamoja na jina. Nilimcheka sana. Mondo si yule paka wa porini anayemaliza kuku? Akasema ndivyo yanavyoitwa, yeye afanyeje.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mwanangu Beda amepiga kutoka Dar. Saruji tena. Anataka kumjengea baba yake kaburi, na marumaru juu, watu wasiseme ametupwa. Nimemkumbusha maneno ya marehemu kitandani: msinifunike saruji. Tumekubaliana. Mondo zikifunika kaburi lote kabla ya Krismasi, ataacha. Zisipofunika, analeta fundi.
Zinatambaa polepole mno. Bado kuna pengo upande wa miguu. Nimegawa mashina, nikapachika.
Zaidi ya Beda sijaongea na mtu leo.

Jumapili, 12 Oktoba
Dada yangu Iringa amezidiwa. Naondoka kesho. Hofu ya kwanza ilikuwa kaburi, ya pili dada. Nimejionea aibu.

Jumanne, 14 Oktoba, Iringa
Dada anakunywa uji. Afadhali.
Kwa haraka niliondoka bila kumuaga Theresia, jirani yangu mwenye kuku. Nimempigia leo. Mtandao unakatika. Nikapaza sauti: niangalizie mondo pale kaburini! Akajibu, "Usiwe na wasiwasi, Mama Beda, nitamshughulikia!" Amefurahi kuombwa kitu. Sijawahi kumwomba kitu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimerudi. Kaburini peupe. Udongo mtupu, umefagiliwa.
Theresia akaja mbio na shikamoo yake, uso unang'aa. Majani ameng'oa yote, mondo asipate pa kujificha. Kuku amewafungia ndani. Rungu liko mlangoni. "Hajatokea hata mara moja, Mama Beda!"
Nikamwambia hayo majani ndiyo mondo. Nikamwambia aende kwake. Shikamoo sikuitikia. Simpendi. Hapa simpendi mtu yeyote.

Jumatano, 22 Oktoba
Sijatoka. Alisema "nitamshughulikia". Majani mtu huyashughulikia, mnyama ndiye humshughulikia. Nilisikia, sikusikiliza.
Kijiji kinacheka. Wanasema mjane wa mtunza bustani anafuga mondo. Baba Beda angecheka kuliko wote. Hapo ndipo nilipolia.
Beda nimemweleza. Akasema: basi Mama, tujenge tu. Nikakata simu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Tangu asubuhi Theresia yuko kwenye shimo la taka, anachambua mashina kutoka kwenye pumba. Hakuna aliyemtuma. Nilimwangalia dirishani mpaka nikachoka kununa. Nikatoka, nikamwambia: marahaba. Ya Jumatatu.
Mengi yamekauka. Machache yana mizizi hai. Tumeyapanda wote wawili, kwa nafasi kubwa, ya kutia huruma. Krismasi hii hayatafunika kitu, labda hata ijayo.
Nimempigia Beda. Saruji asilete. Akasema tulikubaliana. Nikasema najua tulikubaliana, na asilete. Amekasirika. Acha akasirike, baba yake hakuzungumza na mwingine siku ile kitandani, alizungumza na mimi.

Jumapili, 26 Oktoba
Misa, kisha kumwagilia. Theresia alikuja na ndoo yake. Akanieleza kwa maneno machache. Hakujaliwa mtoto, na mumewe alihamia Mofu kwa mwanamke mwingine, miaka mingi sasa. Nimekaa jirani naye muda wote huo na hilo sikuwahi kumuuliza.
Alikuwa amepiga magoti, anashindilia udongo. Akauliza bila kuniangalia: "Mama Beda, mimi nikifa nani atanipandia?"
Mimi ni mkubwa kwake, nitatangulia. Nikang'oa shina moja, nikamfungia kwenye kitambaa kibichi, akaenda nalo kwake kulipanda.