Hedifoni Isiyobana

Mjukuu wangu Festo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako anavuna mpunga Michenga, goti langu limepoa. Ila tangu uniulize ununue hedifoni gani kwa mafunzo yako ya urubani, ya bei nafuu na inayozima kelele, situlii. Ndege ikipita natoka nje.

Nilipokuwa nesi kijana, mafuriko yalikata barabara, tukamleta Ifakara kwa ndege mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto amekwama njiani. Hedifoni ilimbana rubani kichwa, akaivua. Injini ikameza sauti ya redio. Tukiwa tunashuka, nikaona watu chini wakipunga mashati.

"Kapteni, mbona wanatufukuza?" nilipiga kelele.

Akaivaa hedifoni haraka. Baadaye aliniambia mtu wa redio uwanjani alikuwa akipayuka: "Usitue! Ng'ombe wamejaa hapa!"

Alipandisha ndege ghafla, nikamkumbatia mgonjwa. Tulizunguka angani hadi ng'ombe wakaswagwa. Mama yule alijifungua salama.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kabla ya kununua, omba uivae muda mrefu, pamoja na miwani yako. Ukitamani kuivua, iache hapo dukani, hata kama ni rahisi.

Na siku utakayoruka peke yako, usiniambie mapema. Niandikie ukishatua.

Bibi yako anayekuombea,
Bibi Yustina