Nyuma ya Bi Hafsa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Rutamba, siku ya kwanza ya kugawa salfa, ile dawa ya mikorosho. Watu mia na arobaini na wawili, wamesomwa wote kasoro mmoja. Kisomaji cha vidole, cha kumtambua mkulima aliyesajiliwa, kimetoka ng'ambo ndani ya boksi lake. Changu mimi ni draiva, kile kiprogramu kinachokaa katikati: kisomaji kikituma ujumbe, draiva inaupokea na kuipa kompyuta. Wiki saba nimekiandika. Leo nimejiona mtu.

Huyo mmoja ni Bi Hafsa Likwata. Mjane, mikorosho sitini, na nyumbani kwake anabangua korosho. Kaweka dole gumba mara tatu. Kioo kinaandika SUBIRI, basi. Nikamshika mkono nikautazama. Mafuta ya ganda la korosho yamemla ngozi, ncha za vidole nyeusi, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki. Nikamwambia, tena kwa sauti, foleni nzima ikasikia: mama, mashine haina kosa, vidole vyako ndivyo vimekwisha. Pumzika kubangua, paka mafuta ya nazi, rudi Alhamisi.

Kanijibu taratibu kwamba mwaka jana mashine za zamani zilimsoma. Nikasema mwaka ni siku nyingi.

Mzee Jafari, aliyemfuata, naye kakataliwa. Dominick, mwenzangu wa mezani, kazima kisomaji, kawasha, mzee kasomwa. Jambo dogo.

Alhamisi, 19 Juni

Bi Hafsa karudi. SUBIRI. Anasema tangu Jumatatu hajagusa korosho. Ncha za vidole nyekundu — amezisugua na jiwe la miguu. Sikumwambia asugue, lakini ni mimi niliyemwambia vimekwisha.

Nyuma yake alikuwa Salome. Kakataliwa. Dominick kazima, kawasha, Salome kapita.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Kwanza walisemezana Kimwera, nikajifanya sisikii. Halafu mama mmoja akasema kwa Kiswahili, ili nami nipate: ukisimama nyuma ya Bi Hafsa, mashine inakukataa. Jumatatu Jafari, leo Salome. Ana kisirani. Wakamwomba ahamie mwisho wa foleni — kwa adabu, shikamoo nyingi. Akahama.

Nikawafokea. Nikawaambia wanaleta ushirikina kwenye kompyuta, dunia imefika wapi. Nilipomaliza, Dominick akaniambia polepole kwamba lakini ni kweli, bosi. Akiweka kidole yule mama, wa nyuma yake lazima nimzimie mashine. Nikamwambia na wewe umeanza.

Ijumaa, 20 Juni

Ofisini Mingoyo. Wanaume wamekwenda kuswali, Angela wa masijala kaenda sokoni. Kimya. Nikafungua kumbukumbu za draiva ili nipate cha kuwaumbua watu wa Rutamba.

Nimejiumbua mimi.

Niandike pole pole, kichwa kitulie. Kisomaji hakitumi picha ya kidole. Kinatuma alama zilizoko kidoleni, pale mistari inapokatika na inapogawanyika. Kidole chenye alama nyingi, ujumbe mrefu. Kidole kilicholika, ujumbe mfupi. Na kila ujumbe unaanza kwa kujitaja urefu: mimi ni baiti kadhaa. Ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha mashine. Niliuona ukurasa ule. Nikaupita, kwa sababu kila nilipopima, urefu ulikuwa mmoja tu, mia nne tisini na nane. Nilimpima nani? Angela. Dominick. Katibu Abdulrazak. Mimi. Vidole vya ofisini, vinashika kalamu na simu. Vyote vinajaza ujumbe mpaka ukomo. Basi nikaiambia draiva: kila ujumbe ni baiti mia nne tisini na nane, usiondoke mpaka zitimie.

Foleni nzima ya Rutamba inajaza vilevile, ila cha Bi Hafsa ni mia moja thelathini.

Draiva ikapokea mia moja thelathini, ikakaa inangoja zilizobaki. SUBIRI. Akarudia, zikaongezeka kidogo, bado hazitoshi. Akaja Mzee Jafari kuweka chake, draiva ikakata kipande cha mbele ikamalizia cha Bi Hafsa. Ikatoka alama isiyo ya mtu yeyote. Kakataliwa. Dominick akizima, yale mabaki yanafutika, na mambo yanakuwa sawa mpaka Bi Hafsa arudi.

Kwa hiyo ni kweli. Anayesimama nyuma yake anakataliwa. Foleni ya Rutamba imeona kosa langu kwa siku mbili, kwa macho tu. Mimi nina shahada. Nimewaita washirikina.

Naona haya mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerekebisha. Mistari kumi na tisa. Sasa draiva inasoma kwanza urefu uliotajwa, halafu inachukua kiasi hicho hicho, haichoti cha mwingine. Nyuma ya ofisi kuna fundi anafyatua matofali, saruji imemsugua vidole. Baiti mia moja sabini na moja. Kasomwa mara ya kwanza. Nikaweka changu mara baada yake. Kimesomwa. Tumebadilishana hivyo mara arobaini, akaniuliza kama nina akili timamu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemweleza Katibu Abdulrazak. Kanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akasema vizuri, Maftaha, Alhamisi ndiyo siku ya mwisho, mpeleke yule mama asomwe. Watu waambiwe mashine imeboreshwa. Nikauliza na kosa je? Akasema kosa likitajwa, kesho kila aliyekosa salfa atasema ni mashine, na tutarudi kwenye daftari, na daftari unalijua — mwaka juzi marehemu walichukua salfa. Hajakosea.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa Bi Hafsa. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu. Kanitandikia mkeka. Kikaango cha korosho kimefunikwa, majivu ya baridi. Siku tisa hajabangua.

Kanipeleka shambani. Mikorosho imeanza kutoa maua, na kwenye machache ubwiriunga umeshaingia, ule unga mweupe kama mtu kapuliza sembe. Akaniambia akipata salfa kesho anaokoa mingi. Akikosa, mwaka huu hana korosho.

Halafu akaniambia jambo jingine bila kunitazama. Jumapili kulikuwa na shughuli nyumba ya pili. Miaka ishirini yeye ndiye anayesimamia masufuria ya wali. Safari hii wamemwambia apumzike, mama, umechoka. Alikaa kwake anasikia mwiko unavyogonga sufuria.

Hapo ndipo ilikuwa nimwambie kosa ni langu. Nilikwenda kwa hilo. Mdomo ukafunguka, nikasema mashine imetengenezwa, mama, kesho utasomwa. Akasema alhamdulillahi. Akanifungia korosho kwenye karatasi, zile za mwisho alizobangua.

Nimezila njiani. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika nimekalia mfuko wa salfa, Rutamba. Mwandiko mbaya, sijali, nitasoma mwenyewe.

Nimesema. Bi Hafsa alipofika mezani nilisimama nikasema Jumatatu ile niliwaambia vidole vyake vimekwisha. Si kweli. Draiva yangu haikujua kusikia ujumbe mfupi, ikawa inaudandia wa aliye nyuma. Mzee Jafari na Salome walikataliwa kwa sababu yangu mimi, si yake. Na nyinyi mliona kabla yangu, nikawatukana. Nisameheni. Najua Katibu atanipigia simu.

Bi Hafsa kasogea. Kaweka dole gumba. Taa ya kijani, jina lake likatokea lote. Dominick kanitazama, nikataka kulia.

Nyuma yake pakawa wazi. Hatua nne, tano. Hakuna anayesogea. Kila mtu kapata kazi ya kufanya, huyu anafunga kanga, yule anatafuta kitambulisho ambacho anacho mkononi.

Nikasema basi nitapita mimi. Nikasimama nyuma yake, nikaweka kidole. Taa nyekundu. HAYUMO.

Bila shaka simo! Mimi si mkulima, sijasajiliwa, mashine imefanya sawasawa kabisa. Jitihada za kueleza hilo ndizo zimeniharibia. Mama wa Alhamisi iliyopita akasema tu: mmeona. Na kweli wameona.

Mifuko ya Bi Hafsa imeshatolewa. Hakuichukua. Kanitazama, akasema salfa ni ya mikorosho, mwanangu, itanisaidia shambani. Nyumbani nitarudi na nini? Akakaa kwenye benchi karibu na meza, akasema atakiweka tena kidole, na hatoki hapa mpaka mtu apite nyuma yake. Tumengoja. Naona ni nusu saa sasa.

Mzee Jafari yupo. Yeye alishapata salfa yake tangu siku ile, leo kaja na baiskeli kumbebea dada yake mifuko. Ameegemeza baiskeli ukutani. Anakuja. Hamtazami mtu. Anafuta dole gumba kwenye shati, mara moja, mara mbili. Bi Hafsa amesimama. Ameweka chake. Kijani.

Dominick mkono uko kwenye swichi, mazoea. Nimemwambia autoe. Ameutoa, ameuweka mapajani.

Mzee Jafari anauliza kidole kipi. Bi Hafsa anamwonyesha, kile kile cha siku ile, na mzee anakiweka. Kijani, jina lake lote.