Tundu la Jikoni Maposeni

Jumanne, 9 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: ninalikumbuka jiko la Maposeni kuliko ninavyomkumbuka marehemu Babu aliyelijenga. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo. Niliishi pale na Bibi mpaka darasa la nne.

Leo tena nimemshikia dada yangu ncha ya futi ya kupimia nyumba. Dada Skola anasoma shahada ya uzamili ya usanifu majengo, Dar. Tasnifu yake inahusu nyumba za zamani za matofali huku kwetu, na amechagua ya Bibi. Jumamosi Baba mdogo anaibomoa. Anataka matofali akajengee nyumba yake Ruhuwiko, mjini. Bibi anaishi kwetu sasa, amekubali. Mimi sikuulizwa.

Jumatano, 10 Juni

Baridi. Tumepima vyumba. Vitupu. Dada anasema "chumba namba mbili". Mimi naona kitanda cha Bibi na debe la karanga.

Jikoni bado pananuka moshi. Zamani mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, meusi kwa masizi. Nilikuwa nasoma chini yake huku Bibi akisonga ugali. Macho yalinijaa. Nilimwambia Dada ni vumbi.

Alhamisi, 11 Juni

Dada amenionyesha mchoro. Mzuri sana. Mistari imenyooka kuliko nyumba yenyewe.

Lakini ukuta wa jikoni ameuchora mzima. Kuna tundu pale, chini, karibu na mafiga. Amedhani tofali lilianguka. Halikuanguka. Babu aliliacha makusudi, ili Bibi akikaa kwenye kigoda amwone anayekuja kutoka barabarani. Bibi alikuwa anaongeza maji ya ugali kwenye sufuria kabla mgeni hajapiga hodi.

Sikusema. Yeye ana digrii tayari. Mimi kidato cha tatu. Nimejichukia jioni nzima.

Ijumaa, 12 Juni

Dada amefunga vifaa. Amesema kazi imekwisha. Nilitaka kusema wakati wa chai. Nikaomba sukari.

Baba mdogo ameleta ngazi. Ukuta ukianguka, utabaki ule wa kwenye karatasi. Usio na tundu.

Jumamosi, 13 Juni

Mabati yalikuwa yameshatolewa. Kijana mmoja alipanda ukuta wa jikoni na nyundo. Nikapiga kelele: "Subirini!"

Baba mdogo alicheka. "Kumbe Anjela ana sauti! Sisi tulidhani umeiacha kanisani, kwenye kwaya."

Nikamweleza Dada mbele ya wote. Aliingia, akachuchumaa pale Bibi alipokuwa anakaa, akachungulia.

"Njia yote inaonekana. Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Niliogopa."

"Lete futi. Haraka."

Baba mdogo akawaambia vijana wakanywe togwa kwanza. Dada akafuta, akachora upya. Akaniketisha pale pale ili apime usawa wa macho.

Ukuta ulianguka kabla ya mchana. Nililia, na safari hii sikusema ni vumbi.

Jumatatu, 15 Juni

Dada amesafiri asubuhi na michoro yake.

Nilirudi Maposeni na Baba mdogo. Nikachukua panga butu, nikakaa na vijana, tukakwangua udongo kwenye matofali. Yenye masizi, ya jikoni, niliyapanga peke yake yasichanganyike. Mchana tulikula mihogo. Nikanawa mikono, nikaendelea na yaliyobaki.