Kibali cha Bi Maria wa Rangwi

Alhamisi, siku ya soko, saa kumi na moja jioni. Ukungu umeshuka kutoka mlima wa Magamba tangu asubuhi na mpaka sasa haujaondoka. Viatu vyangu vimelowa, nimevianika karibu na jiko. Sina huzuni, wala sina furaha ya kucheka peke yangu. Nina udadisi tu, ule unaomfanya mtu asahau chai mpaka ipoe.

Nataka kuandika mambo ya wiki mbili hizi kabla sijaanza kuyapamba.

Mimi ni karani wa taipu katika ofisi ya wilaya hapa Lushoto. Tangu mafuta yawe haba na malori ya mboga yaanze kusongamana, ofisi imeweka utaratibu wa siku za soko. Magari madogo yote yaachwe chini, uwanja wa mpira, na wenyewe wapande kwa miguu, maana barabara ya mbele ya soko ni nyembamba. Kando ya lango zimebaki nafasi mbili. Maneno ya kibao chake niliyapanga mimi: MAHALI PA GARI LA ASIYEJIWEZA. Anayetaka kuegesha hapo lazima awe na kibali, kadi ya kijani yenye muhuri, aibandike kwenye kioo cha mbele.

Vibali vilivyotolewa ni vinne, na vyote nilivipiga taipu mimi.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilitoka ofisini kwenda kununua viazi. Njiani, kwenye kile kilima kinachotoka uwanjani, nikamkuta Fundi Elieza, fundi saa. Miguu yake ilikauka tangu utotoni, hutembea kwa mikono, na magotini amefunga vipande vya mpira wa gari. Kila siku ya soko kaka yake humleta kwa pikapu na kumshusha pale langoni, maana kibali anacho. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na kilima chote kilikuwa tope. Alikuwa anapanda polepole, tope limemfika viwikoni, kaka yake nyuma amebeba kisanduku chake cha vifaa.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, binti. Leo mimi na hivyo viazi unavyovifuata tumetoka shamba moja."

Alisema akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimuuliza kwa nini hawakuegesha langoni, akanionyesha kwa kidevu. Nafasi ya kwanza ilikuwa na gari lililomleta mtu aliyevunjika mguu, haki yake. Ya pili ilikuwa na Peugeot ya kijivu ya Ndugu Festo.

Ndugu Festo ni meneja wa duka la ushirika. Miguu yake haina kasoro, Jumamosi bado anacheza mpira na walimu. Lakini kadi ya kijani ilikuwepo kwenye kioo. Nikasogea nikaisoma, na mara nikaitambua kazi yangu, kwa sababu mashine yangu ina herufi moja inayoshuka chini ya mstari. "Gari hili humchukua Bi Maria wa Rangwi, asiyeweza kutembea."

Huyo Bi Maria nilikuwa sijapata kumwona.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, na nisipoiandika hapa sitaiandika popote. Ndugu Festo alileta barua, mimi nikaweka karatasi ya kaboni, Katibu akagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza mgonjwa yuko wapi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupaswa kuuliza, na sikuuliza kwa sababu ilikaribia saa ya chakula.

Sikwenda kwa Katibu siku ile. Kwa sehemu ulikuwa woga, kwa kuwa sukari imeadimika na Ndugu Festo ndiye anayejua itafika lini na nani ataipata. Katibu wetu hajaonekana kwenye foleni hata mara moja, na chai yake ina sukari. Lakini woga haukuwa mkubwa kama ule udadisi. Je, Bi Maria yupo? Au ni marehemu? Au ni jina tu la kuombea kadi?

Jumamosi iliyopita nikapanda basi la Rangwi. Nyumbani nilisema nakwenda kumwona rafiki niliyesoma naye. Huo nao ulikuwa uongo, tena wa kwangu mwenyewe, usio na muhuri.

Pale misheni nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya kanisa, naye akanielekeza bila kusita. Basi, yupo. Nyumba yake ni nzuri, ya bati jipya. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, miguu imevimba na kufunikwa blanketi, anapukuchua maharage. Jirani humpikia na kumuogesha. Bati, blanketi na jirani, vyote ni mkono wa Ndugu Festo, mwanawe. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimekwenda na hasira iliyokwisha kupangwa, na bati lile likaivuruga.

Nilimwamkia, tukazungumza Kishambaa. Nikamweleza ninatoka ofisini Lushoto, nimekuja kuhakikisha habari za kibali chake.

"Kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha gari, mama. Cha kuegesha karibu na soko, kwa sababu huwezi kutembea."

Aliacha maharage. "Kwani mimi nina gari?"

Nilitoa nakala ya kaboni nikamsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali.

"Humchukua," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Maana yake kila mara?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na mwisho nimepanda gari lini? Nakuuliza wewe wa ofisini." Kisha akajijibu mwenyewe. Hajatoka pale tangu miguu ivimbe, miaka miwili sasa, isipokuwa Pasaka vijana wanapombeba na kiti chake mpaka kanisani.

Nilidhani atalia, au atamlaani mwanawe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alianza kuniuliza maswali, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Soko bado liko palepale? Wanaouza peasi bado wanakaa upande wa ukuta? Ule mti mkubwa wa mkaratusi karibu na mahakama umekatwa? Akaniambia kwamba kabla ya Uhuru na hata baadaye alikuwa anakwenda Lushoto kwa miguu na mzigo wa peasi kichwani, na Festo mgongoni, wanalala njiani kwa shangazi yake. Anazijua kona zote. Sasa watu wanaotoka huko humletea habari, lakini, alivyosema, habari za soko hazina harufu.

Nikamwambia ukweli wa safari yangu, kwamba nilikuja ili nipate sababu ya kukifuta kibali.

"Usikifute," akasema. "Kama kimeandikwa kwa jina langu, ni changu. Mwambie huyu mgosi wangu, huyu mwanamume niliyemzaa, anichukue. Ila usimwambie mimi nimesema. Iseme ofisi."

Nilirudi na debe dogo la maharage nililokataa mara tatu, na agizo nisilojua nitalitimizaje.

Jumatatu nikaingia kwa Katibu. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu anayependa siku ipite bila mlango kubamizwa. Nikamweleza kwamba nimemwona Fundi Elieza akipanda kilima kwa mikono, na kwamba napendekeza ofisi iwaone kwa macho wote wanne wenye vibali, langoni, Alhamisi hii, kila mmoja ndani ya gari lake. Asiyefika, kadi yake irudishwe.

Alivua miwani. "Binti, unajua gari la kijivu ni la nani?"

"La Ndugu Festo. Kadi ni ya mama yake."

"Ndugu Festo anafahamiana na watu. Kuna nafasi ya karani Handeni imekaa wazi muda mrefu. Sikutishi. Nakueleza jinsi mambo yanavyokwenda."

Handeni simjui mtu. Mama yangu ni mjane na mimi ndiye ninayekaa naye. Nilitaka kusema samahani na kurudi kwenye mashine yangu. Lakini nikamkumbuka yule mama alivyouliza, "Kwani mimi nina gari?" na mdomo ukaenda wenyewe.

"Ndugu Katibu, barua niliyokuletea haimtaji mtu. Ni ya wote wanne. Na waliomwona Fundi Elieza akitambaa siku ile si mimi peke yangu, soko zima liliona. Wakija kuuliza hapa, tutasema nini?"

Akachukua kalamu, akasaini. Hakuniangalia. Barua zikatoka siku hiyohiyo.

Jumanne Ndugu Festo alikuja ofisini. Alisimama mbele ya meza yangu, barua mkononi. Aliniuliza kama ni mimi niliyeiandika. Nikamjibu nimeipiga taipu. Akasema mama yake ni mgonjwa, safari itamchosha, ofisi ingemwamini tu. Nikamwambia, kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga, kwamba kama hawezi kusafiri kwa gari, basi gari halihitaji kibali. Akaikunja barua mara mbili, mara nne, akaondoka. Usiku wa siku hiyo na wa jana sikulala vizuri.

Leo asubuhi nilifika langoni kabla ya saa mbili, daftari kwapani. Fundi Elieza alikuwa wa kwanza. Kaka yake akaegesha, akamshusha palepale kwenye saruji isiyo na tope, meza yake ikawekwa, na baada ya muda mfupi tayari alikuwa na saa ya mtu sikioni. Wa nne, bibi aliyepooza, aliletwa na mjukuu wake, nikamwandika, wakaondoka. Yule aliyevunjika mguu amepona, ndugu yake alileta kadi, akairudisha kwa mkono wake na kushukuru. Nilifurahi kupita kiasi kwa jambo dogo kama hilo.

Saa tatu ikapita. Nusu saa nyingine ikapita. Nilikuwa nimeshaanza kupanga mizigo ya Handeni kichwani.

Peugeot ilitokea kwenye ukungu, taa zimewashwa, mwendo wa maandamano ya harusi. Bi Maria alikuwa kiti cha mbele, amejifunga kanga mpya, rozari shingoni, uso karibu kugusa kioo. Ndugu Festo akaegesha bila kunisalimu. Nikaenda dirishani, nikamwamkia mama. Aliitikia kama mtu ambaye hajapata kuniona maishani, kisha akanikonyeza.

Nikaandika: amefika.

Nilidhani watakaa dakika chache waondoke. Lakini Bi Maria alishusha kioo na kuita muuza peasi. Akaja. Akaligusa peasi moja, akalinusa, akamwambia hili limechumwa bichi, lete lingine. Akaja wa kabichi. Akaja mama mmoja mzee mwenye mzigo wa majani ya chai, akamwangalia, wakashikana mikono kupitia dirishani na hawakuachana kwa muda mrefu. Walikuwa wakiuza pamoja zamani, kila mmoja alisikia mwenzake amekufa.

Ndugu Festo alisimama nje kwenye manyunyu, funguo mkononi, anaangalia saa. Wafanyakazi wake walikuwa wanamngoja dukani.

"Mama, twende. Unachoka," alimwambia.

"Nenda kazini, mwanangu. Mimi sina haraka. Gari limeruhusiwa kukaa hapa, muulize huyu binti."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Ndugu Festo akaelekea dukani kwa miguu, na sikumwona tena mpaka saa nane.

Aliporudi alinijia kando ya ukuta. Nikajiandaa kusikia neno Handeni. Badala yake akasema, akiwa anaangalia chini, kwamba njia nzima mama yake alikuwa anazitaja kona moja baada ya nyingine, hapa tulipumzika, hapa ulinililia njaa, hapa mvua ilitukuta. Yeye anapita zile kona kila mwezi na hakujua hata moja.

"Nilidhani hataki kutoka," akasema. "Mtu akiumwa miguu, nilidhani anataka kukaa."

"Ulimuuliza?"

Aliingia garini, akaliendesha taratibu ili kichwa cha mama kisigonge mlango. Bi Maria alinipungia mkono ulioshika peasi. Kadi ya kijani bado iko kwenye kioo chao. Sikuichukua, na sijui Alhamisi ijayo kiti cha mbele kitakuwa na nani. Nitakwenda kuangalia.

Sijui pia kama nimefanya haki au nimejiingiza katika nyumba ya watu. Kuhusu Handeni, Katibu hajasema lolote. Alichosema ni kwamba kuanzia sasa hakuna kadi bila mtu kuonekana, na akaniagiza nitengeneze fomu mpya ya maombi kabla ya kufunga ofisi.

Nimeitengeneza. Jina. Kijiji. Namba ya gari. Ugonjwa au kilema. Jina la dereva. Jambo moja bado linanishangaza, kwamba kila kadi ilipitia kwa watu wanne, mwenye gari, mimi, Katibu na mhudumu aliyeikata karatasi, na hakuna aliyezungumza hata mara moja na mwenye miguu yenyewe. Kwa hiyo chini kabisa, kabla ya mahali pa muhuri, nikaongeza mstari mmoja: "Mwenyewe anapenda kwenda wapi?"

Katibu aliusoma mara mbili akasema ofisi haina haja ya kujua hilo. Nikamwambia nafasi kwenye karatasi ilikuwa imebaki. Akaiacha fomu mezani, akachukua kofia yake akaenda nyumbani.

Asubuhi nitaona kama atasaini.